Mkojo Unaponitoka Nikikohoa: Jinsi Tulivyochagua Tiba

Julai hapa Mbeya ni mwezi wa makoti na kikohozi. Asubuhi ukungu hufunika mlima Loleza, wanafunzi huingia darasani wamejikunyata, na mwalimu mwenye mafua hufundisha huku leso iko mkononi. Mwaka juzi, katika mwezi huo, nilifundisha vipindi viwili mfululizo nikiwa nimeketi, jambo ambalo wanafunzi wangu hawajawahi kuliona kwangu, kwa sababu kila nilipokohoa nimesimama mkojo ulinitoka, na pedi niliyoivaa kabla ya kutoka nyumbani ilikuwa imekwisha kujaa. Siku hiyo ndipo nilipokata shauri kwamba sitaendelea kuficha. Nina miaka 47, nimezaa mara tatu, na hali hiyo ilinianza baada ya kujifungua mtoto wangu wa mwisho, aliyezaliwa na kilo 4.1.

Kabla ya hapo nilikuwa nimekwisha kumeza dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mara nne. Kila nilipokwenda kwenye kituo cha afya na kusema kwa sauti ya chini kwamba nina tatizo la mkojo, niliandikiwa vidonge vya kuua bakteria, mara mbili bila hata kupimwa, na kila mara nilivimaliza huku pedi zikiendelea kujaa kama kawaida. Ninalieleza hili kwa uchungu, kwa kuwa najua wanawake wengi wa huku kwetu wanalijua neno UTI kuliko wanavyoijua miili yao, nao hunywa dawa mwaka hadi mwaka kwa ugonjwa ambao hawana. Maambukizi ya njia ya mkojo huleta maumivu au kuungua wakati wa kukojoa, na haja ya kwenda chooni kila baada ya muda mfupi. Mimi sikuwa na maumivu yoyote. Mkojo ulinitoka nilipokohoa, nilipopiga chafya, nilipocheka sana, nilipoinua ndoo na nilipokimbilia daladala, na basi.

Daktari wa magonjwa ya wanawake aliyenisikiliza hatimaye aliniomba niikumbuke mbeleko. Chini ya nyonga, alisema, kuna misuli iliyotandazwa kama mbeleko, imebeba kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa, nayo husaidia kuubana mrija wa mkojo ili usifunguke tumbo linaposukuma kuelekea chini. Mimba na uzazi huivuta na pengine kuichana. Umri na kukoma kwa hedhi huilegeza. Uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu, kukosa choo na kubeba mizigo huilemea kila siku. Mbeleko ikilegea, kikohozi kimoja kinatosha. Aliniambia pia kwamba hali yangu si fistula, ambayo huwapata wanawake waliokaa na uchungu pingamizi muda mrefu bila kusaidiwa, na ambayo huvuja mchana na usiku bila kungoja kikohozi. Wala si ile hali ya kibofu chenye haraka, ambapo mtu hushikwa na haja ya ghafla na kuchelewa mlangoni mwa choo. Alinipa karatasi niandike kwa siku tatu kila nilichokunywa, kila nilipokojoa, na kila mara mkojo uliponitoka na nilichokuwa nikifanya wakati huo. Kisha akanikohoza nikiwa na kibofu kilichojaa, akaona mwenyewe. Vipimo vyake vya siku hiyo havikuzidi hapo.

Nilidhani baada ya hapo ataniandikia tiba. Badala yake aliniuliza swali: ni kitu gani ninachotamani kuweza kukifanya tena? Nikamjibu kwamba nataka kusimama mbele ya darasa mwezi wa Julai bila pedi. Akasema jibu hilo litamsaidia kuliko kipimo chochote, kwa kuwa tatizo hili haliui, tiba zake ziko kadhaa, kila moja ina gharama yake mwilini, na mwanamke ana haki hata ya kuamua kutokutibiwa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria jambo hili, kwanza kwa ajili yangu, kisha kwa ajili ya watu wawili wa karibu ambao nimewashuhudia wakichagua njia tofauti na yangu. Nimefika mahali pa kuamini kwamba anayechagua tiba ya tatizo hili anachagua vilevile matatizo yatakayoweza kuletwa na tiba yenyewe, na kwamba swali la kweli ni yapi kati ya hayo ataweza kuyamudu akiwa nyumbani kwake, kwenye kazi yake na umbali wake kutoka hospitali.

Tulianza na mazoezi, na kila mwanamke anapaswa kuanza nayo. Daktari wa Marekani aitwaye Arnold Kegel aliyaandika mwaka 1948, na hadi leo ndiyo tiba ya kwanza katika miongozo ya nchi nyingi. Mtu hukaza misuli ya chini kana kwamba anazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja, anaivuta kwenda juu, anaishikilia kwa sekunde chache hadi kumi kwa kadiri anavyoweza, kisha anailegeza kabisa kabla ya kurudia. Mwongozo wa Uingereza unashauri mikazo isiyopungua 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi isiyopungua 3, chini ya uangalizi wa mtu anayejua. Hilo la uangalizi nalisisitiza kwa nguvu zangu zote. Miezi miwili ya kwanza nilifanya mwenyewe kwa kusoma kwenye simu, nikabana matako na mapaja, nikazuia pumzi, na tumbo langu likawa linasukuma chini badala ya kuvuta juu, maana yake nilikuwa nikiitesa mbeleko ileile niliyotaka kuiponya. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, alinionyesha kosa langu kwa dakika kumi. Akanifundisha pia jambo dogo ambalo limenifaa kuliko yote: kukaza misuli ile kabla tu ya kukohoa, kupiga chafya au kuinua kitu, na kuendelea kukaza hadi kishindo kipite.

Pamoja na mazoezi niliambiwa nipunguze uzito. Hapa kwetu mama mnene ni mama aliyetunzwa, na dada zangu walipoona nguo zinanipwaya waliniuliza kama nyumbani kuna ugomvi. Hata hivyo utafiti uliofanywa Marekani kwa wanawake 338 wenye uzito mkubwa, na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba waliofuata mpango wa chakula na mazoezi kwa miezi 6 walipunguza wastani wa asilimia 8 ya uzito wao, na mara za kuvuja kwa wiki zikapungua kwa asilimia 47, wakati kwa wenzao waliopewa mafunzo tu zilipungua kwa asilimia 28. Mimi nilitoka kilo 86 hadi 80. Baada ya miezi mitano ya mazoezi sahihi nilikuwa nimeshuka kutoka pedi tatu kwa siku hadi moja, nayo wakati mwingine ilirudi kavu. Mwanamke mwingine angeishia hapo na kumshukuru Mungu, na angekuwa amechagua vema.

Aliyeishia hapo ni mwalimu mwenzangu anayefundisha netiboli, mwanamke wa miaka 34 ambaye huniita dada. Kwake jambo zito lilikuwa sala. Kuinama kwa rukuu na kunyanyuka kutoka kwenye sijida kulitosha kumvujisha, na kwa kuwa mkojo hutengua udhu, alikuwa akiurudia mara mbili au tatu kwa sala moja. Ramadhani aliswali tarawehe peke yake chumbani ili asilazimike kutoka katikati ya safu. Tulipozungumza juu ya upasuaji, alisema bado anataka mtoto wa tatu, na daktari akamweleza kwamba ni vizuri kuahirisha upasuaji wa namna hii hadi mwanamke amalize kuzaa, kwa kuwa mimba na uzazi vinaweza kuyaharibu yaliyoshonwa. Basi akashika mazoezi kwa bidii ya mchezaji. Anakaza kabla ya kurukuu na kabla ya kuinuka, na Ramadhani iliyopita alikuwa msikitini. Anapofundisha kuruka bado anavaa pedi, na anasema hilo halimsumbui. Nilijifunza kwake kwamba neno kupona kila mtu analipima kwa kipimo chake.

Mama mdogo wangu ni habari nyingine, na ndiye aliyenifundisha zaidi. Anaishi Isongole, kwenye barabara ya kwenda Tukuyu, ana miaka 58, ni mjane, amezaa mara saba, na analima viazi. Mwili wake ni mwembamba, kwa hiyo shauri la kupunguza uzito halikumhusu hata kidogo. Alikuwa amevuja kwa zaidi ya miaka kumi akijifunga vipande vya kanga kuukuu, ambavyo alivifua usiku na kuvianika ndani, mahali ambapo jua halifiki na harufu haitoki. Nilipomsimulia hali yangu alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe na wewe mwanangu." Hakuwahi kulitamka kwa mtu yeyote, hata kwa mama yangu aliyemfuata ziwa moja.

Nilimleta mjini. Daktari alimweleza yale yale aliyonieleza mimi, na alipofika kwenye upasuaji akamwambia kwamba baada yake hataruhusiwa kuinua vitu vizito kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita. Mama mdogo akaniangalia mimi badala ya kumwangalia daktari. "Sasa nikatwe, halafu viazi vitavunwa na nani?" Swali hilo halikuwa la ukaidi. Msimu wa viazi haungoji, mnunuzi anataka magunia ya lumbesa yawe yamefika barabarani, na mwanamke anayeishi peke yake akikaa wiki sita bila kubeba debe wala ndoo ya maji, ama amelipa vibarua ama amepoteza shamba. Mazoezi aliyakubali kwa heshima, lakini alikiri baada ya mwezi kwamba akitoka shambani hulala kabla hajafikisha mkazo wa tatu.

Ndipo tukaelezwa habari za pete. Ni pete laini ya silikoni, na ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kuvuja ina kinundu upande mmoja kinachokaa chini ya mrija wa mkojo na kuutegemeza kupitia ukuta wa uke. Inaingizwa kwa mkono, bila kisu wala ganzi, na isipofaa inatolewa siku ileile. Mama mdogo aliogopa kwamba itapotelea tumboni, na muuguzi, mwanamke mtu mzima mwenye subira, akamchorea kwenye karatasi jinsi uke unavyoishia kwenye shingo ya kizazi, ili aone kwamba hakuna njia ya kupotelea. Pete ya kwanza ilikuwa ndogo, ikatoka alipokwenda haja. Ya pili ilikaa. Alitembezwa korido nzima, akakohoa, akachuchumaa, akainua beseni la maji, akakojoa ili ihakikishwe kwamba haijaziba njia, na alipotoka kule chooni uso wake ulikuwa wa mtu mwingine.

Pete si tiba ya kudumu. Inazuia wakati imevaliwa, na ikitolewa tatizo liko palepale. Inaweza kuongeza ute, na ikisahauliwa humo kwa muda mrefu inaweza kuchubua ukuta wa uke, hasa kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma na ngozi ya huko imekuwa nyembamba. Ndiyo maana mama mdogo alipewa pia krimu ya homoni ya kupaka ukeni, na tarehe za kurudi kukaguliwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, uliowahusisha wanawake 446, ulikuta kwamba baada ya miezi 3 wanawake 33 kati ya kila 100 waliopewa pete hawakuwa na dalili za kuwasumbua, wakati kwa waliofundishwa mazoezi walikuwa 49 kati ya 100, lakini baada ya mwaka mmoja tofauti hiyo haikuonekana tena. Ningeichukua hesabu hiyo peke yake, ningemshauri vibaya. Yeye huvaa pete asubuhi anapokwenda shambani, jioni anaitoa, anaiosha kwa maji safi na sabuni isiyo kali, anaiweka kwenye kikopo chake chenye mfuniko. Ameacha vitambaa. Vilevile amehamisha mafiga kutoka kwenye chumba kisicho na dirisha, kwa kuwa kikohozi chake cha moshi kilikuwa nusu ya tatizo, na anakula parachichi na maharage ili asijikamue chooni.

Dawa za kumeza nitazipita upesi. Iko moja iitwayo duloksetini, ambayo Ulaya iliruhusiwa kwa tatizo hili mwaka 2004. Inawapunguzia baadhi ya wanawake, lakini kichefuchefu chake huwafanya wengi waiache, na haiwi chaguo la kwanza. Vitu vinavyouzwa kwa siri ili kuubana uke, kuanzia shabu hadi unga wa mizizi usiojulikana jina, sitavipita kwa upole. Shabu hukausha na kuchubua; haikazi msuli wowote. Mwanamke anayevuja akiuziwa shabu ameibiwa fedha yake na kuongezewa kidonda.

Sasa nije kwangu. Baada ya miezi ile mitano nilibaki na pedi moja, na Julai ikarudi na kikohozi chake, nami nikakuta kwamba lile nililolitamani mbele ya daktari bado sijalipata. Nikaanza kusoma juu ya upasuaji. Utafiti nilioutafakari zaidi ulifanyika Uholanzi kwa wanawake 460 na kuchapishwa mwaka 2013. Kundi moja lilianza na fiziotherapia, lingine likaanza na upasuaji wa kuweka mkanda chini ya mrija wa mkojo. Baada ya mwaka, wanawake takriban 91 kati ya 100 wa kundi la upasuaji walisema wamepata nafuu, na takriban 64 kati ya 100 wa kundi la fiziotherapia. Aliyesoma mistari hiyo tu atakimbilia kisu. Lakini katika kundi la fiziotherapia, asilimia 49 walihamia kwenye upasuaji ndani ya mwaka huo, maana yake nusu nyingine hawakuhama, na mimi niliitazama sana nusu hiyo. Walikuwa wanawake kama yule mwalimu mwenzangu. Swali langu likawa kama mimi ni wa nusu hii au ile, na hesabu haikuweza kunijibia.

Mkanda uliotumiwa Uholanzi ni wa nyavu ya plastiki, upasuaji ulioandikwa mwaka 1996 na daktari Ulf Ulmsten wa Sweden na wenzake. Ulienea duniani kwa sababu nzuri: vidonda ni vidogo, unachukua muda mfupi, na wanawake wengi hurudi nyumbani mapema wakiwa wakavu. Hata hivyo wako walioumia. Kwa baadhi yao nyavu ilikata ukuta wa uke, wengine wakapata maumivu ya kudumu ya nyonga na mapaja, wengine wakashindwa tendo la ndoa, na kuitoa nyavu iliyokwisha kushikana na nyama ni upasuaji mgumu kuliko kuiweka. Uingereza ilisitisha matumizi yake Julai 2018, na ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Julia Cumberlege, iliyotoka Julai 2020, ilisema wazi kwamba wanawake walilalamika kwa miaka mingi bila kusikilizwa. Marekani nayo Aprili 2019 iliamuru makampuni yaache kuuza nyavu za kuwekwa kupitia ukeni kwa ajili ya kizazi na kibofu vilivyoshuka; amri hiyo haikugusa mkanda mwembamba wa kuzuia kuvuja, ambao una nyavu kidogo zaidi na matatizo machache zaidi. Naeleza tofauti hii kwa makusudi, kwa kuwa nimewasikia wanawake wakiambiana kwamba nyavu zote zimepigwa marufuku, na wengine wakiambiana kwamba hazina neno lolote. Yote mawili si kweli.

Njia nyingine ni ya zamani zaidi: kuchukua kipande cha utando mgumu unaofunika misuli ya tumbo la mwanamke mwenyewe na kukifanya mkanda, yaani mbeleko mpya iliyokatwa kwenye kitambaa chako. Ipo pia ya kushona nyama za kando ya shingo ya kibofu na kuziinua, iliyoanzishwa na daktari Burch mwaka 1961. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007, uliohusisha wanawake 655, ulizilinganisha hizo mbili: baada ya miaka 2, wanawake 66 kati ya 100 waliowekewa mkanda wa mwili wao walikuwa wamefanikiwa kwa upande wa kuvuja kwa kishindo, yaani kule kunakoletwa na kikohozi, chafya au kuinua kitu, dhidi ya 49 kati ya 100 waliofanyiwa ile ya Burch, lakini waliowekewa mkanda walipata zaidi maambukizi ya mkojo na shida ya kukojoa. Wengine hulazimika kutumia mpira wa mkojo kwa muda hadi kibofu kizoee.

Niliweka pande hizi mbili mezani kwa wiki nyingi. Mkanda wa nyavu ungenipa kidonda kidogo na siku chache za kulala. Mkanda wa mwili wangu ungenipa kidonda cha tumbo kama cha upasuaji wa uzazi, siku nyingi zaidi, na uwezekano mkubwa zaidi wa kutembea na mpira. Lakini nilijiuliza: ikiwa mwaka wa tatu nyavu itakata ukuta wa uke, ni nani atakayeitoa? Upasuaji wenyewe nimeandikiwa nikaufanyie Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka mlangoni pangu, na kila kurudi kule ni nauli, ruhusa ya kazi na kulala kwa ndugu. Mpira wa mkojo ninaweza kufundishwa na muuguzi nikautumia nyumbani. Maambukizi ya mkojo, safari hii ya kweli na yaliyopimwa, ninaweza kuyatibu hapahapa Mbeya. Nyavu iliyoharibika siwezi kuitibu hapa. Mwanamke anayeishi karibu na hospitali yenye daktari mzoefu wa nyavu angeweza kuipima mizani hiyo hiyo na kuiona imeinamia upande wa pili, nami nisingebishana naye.

Swali la mwisho nililomwuliza kwa simu daktari wa Dar es Salaam atakayenipasua ndilo ninalomshauri kila mwanamke aulize bila haya: "Daktari, wewe mwenyewe umefanya upasuaji wa aina gani mara nyingi zaidi?" Daktari huyo alianza kwa kuwatibu wanawake wenye fistula. Alinijibu bila kukasirika kwamba nyavu ameweka chache, mikanda ya mwili ameshona mingi, na kwamba kama ningetaka nyavu angenielekeza kwa mwenzake. Jibu hilo lilinituliza kuliko kurasa zote nilizosoma.

Jambo moja limebaki moyoni. Mwaka wa kwanza wa kutafuta tiba, mahali fulani, mtoa huduma aliniuliza "Mumeo anasemaje?" kabla hajaniuliza mimi ninasemaje. Sikuwa na jibu, kwa kuwa baba watoto hakuwa anajua; kwa miaka minne nilikuwa nikiamka kabla yake ili nibadilishe shuka upande wangu, na tendo la ndoa nililikwepa kwa visingizio kwa sababu hata humo mkojo ulinitoka. Nilipomweleza hatimaye, kwa mfano wa mbeleko, aliniuliza kama inauma, kisha akanyamaza, kisha akasema alidhani nimemchoka. Miaka minne tulilala kitanda kimoja, kila mmoja na dhana yake. Karatasi za upasuaji amezisoma zote, na uamuzi ameniachia mimi.

Shule ikifungwa Desemba nitasafiri. Nimeandika maswali manne ya kumwuliza daktari kabla sijasaini: atahakikishaje kwamba kibofu changu kinakamua vizuri kabla hajakifunga mkanda, nitakaa na mpira siku ngapi kabla ya kuwa na wasiwasi, ni dalili zipi zinanitaka nirudi haraka, na ni lini nitaruhusiwa kukimbia. Mwanangu mkubwa atanisindikiza na kubeba begi. Mama mdogo amesema viazi vitakuwa vimekwisha kuuzwa, kwa hiyo atakuja kutoka Isongole akae nami wiki zote sita, na ndoo za maji atabeba yeye.